Nani Asamehewe? Karne Mbili za Hukumu ya Wasomaji wa Riwaya za Mapenzi na Taharuki

Mei 1794 wachapishaji wa familia ya Robinson jijini London walitoa riwaya ya majuzuu manne, The Mysteries of Udolpho, ya Ann Radcliffe. Walimlipa pauni 500, fedha ambazo waandishi wengi wa siku hizo hawakuziota. Ndani yake yumo Emily St. Aubert, msichana yatima anayepelekwa na mume wa shangazi yake, Montoni, hadi kwenye ngome ya upweke katika milima ya Italia. Chumba anacholazwa kina mlango ambao komeo zake ziko upande wa nje. Kuna mahali pamefunikwa kwa pazia jeusi; Emily analifunua, anazimia, na msomaji haambiwi alichokiona mpaka kitabu kinakaribia kwisha. Na huko mbali yuko Valancourt, kijana anayempenda, ambaye habari zinafika kwamba ameharibikiwa Paris kwa kamari na marafiki wabaya.

Watu hukumbuka ngome na pazia. Mimi naona kiini cha kitabu kiko kwa Valancourt. Emily ametoka kwenye mikono ya mwanamume anayejua kuwa ni mbaya, na sasa anatakiwa aamue kuhusu yule anayedhani ni mwema, huku ushahidi wote alionao ni maneno ya watu. Hapo ndipo zilipozaliwa riwaya za mapenzi na taharuki: mwanamke, nyumba, siri, na mwanamume mmoja ambaye moyo unamtaka na akili inamhofia. Wanaoandika historia ya riwaya hizi huipitisha kwa waandishi. Lakini vitabu hivi hukaa vilevile kwenye rafu kwa miaka 50, 100, 200, na kinachogeuka ni hukumu ya wanaovisoma: nani asamehewe, nani alaumiwe, ushahidi gani unatosha. Nataka kuifuata hukumu hiyo.

Maoni juu ya Udolpho yalianza mwaka uleule. Jarida la Critical Review liliusifu ufundi wa Radcliffe, kisha likalalamika kwamba anaipandisha hamu ya msomaji juu mno kiasi kwamba hakuna jibu linaloweza kuitosheleza. Lalamiko hilo bado tunalisikia kila wiki kuhusu riwaya mpya. Alichokiona Emily nyuma ya pazia kilikuja kuwa sanamu ya nta iliyochongwa kama maiti, na wasomaji wengi walihisi wamepunjwa. Walikuwa na haki. Walikuwa wamekesha kwa mishumaa ya fedha zao kwa ajili ya maiti halisi. Lakini waliendelea kusoma, na mwaka 1797 Radcliffe alipoleta The Italian alilipwa pauni 800.

Vitabu vilikuwa ghali, kwa hiyo watu walivikodi kwenye maktaba za kulipia, juzuu moja moja, na wahubiri wakaanza kuonya kwamba wasichana wanaharibiwa akili. Jibu bora kwa wahubiri hao liliandikwa na msomaji mmoja aliyekulia nyumba ya kasisi huko Hampshire. Jane Austen aliuza mswada wake kwa mchapishaji mwaka 1803 kwa pauni 10, mchapishaji akaukalia, na kitabu hakikutoka hadi Desemba 1817, miezi mitano baada ya kifo chake, kikiitwa Northanger Abbey. Mhusika wake Catherine Morland, mwenye miaka 17, amemezwa na Udolpho. Rafiki yake anamtajia riwaya nyingine saba za kutisha, na kwa muda mrefu wahakiki waliamini kwamba Austen aliyabuni majina hayo kwa kuchekesha, hadi katika karne ya 20 ilipothibitishwa kwamba zote saba ni vitabu vya kweli. Alikuwa anajua rafu ile jinsi wasomaji wenzake walivyoijua. Na katika riwaya hiyo mwanamume mwenye akili kuliko wote, Henry Tilney, anakiri bila haya kwamba aliimaliza Udolpho kwa siku mbili, nywele zikimsimama.

Catherine, akiongozwa na vitabu vyake, anaingiwa na wazo kwamba Jenerali Tilney, baba yake Henry, alimuua mkewe. Anakosea, anaaibika, analia. Lakini baadaye Jenerali huyohuyo, akigundua kwamba msichana hana mali aliyodhani anayo, anamfukuza nyumbani kwake asubuhi na mapema, safari ya kutwa nzima, bila mtumishi wa kumsindikiza. Kwa hiyo Catherine alikosea kuhusu kosa la mtu, hakukosea kuhusu mtu mwenyewe. Austen alikuwa amewaona vizuri wasomaji wa Radcliffe: walikuwa wakijifunza, kwa njia ya maiti na mapazia, kuunusa ukatili wa kawaida wa mezani na sebuleni.

Miaka 30 baadaye, Oktoba 1847, ikaja Jane Eyre. George Smith, mchapishaji, aliuanza mswada Jumapili asubuhi akiwa na miadi ya kupanda farasi na rafiki. Akaivunja miadi, akala haraka haraka, na hakulala kabla ya kuumaliza. Mwandishi Thackeray alipopelekewa kitabu aliandika kwamba kimemmeza siku nzima ya kazi. Hakuna aliyejua kwamba Currer Bell aliyetajwa kwenye jalada ni Charlotte Brontë, binti wa kasisi wa Yorkshire, na swali la kwanza la wasomaji likawa hilo: ni mwanamume au mwanamke? Lilikuwa swali lenye uzito, kwa sababu hukumu ilitegemea jibu. Desemba 1848 Elizabeth Rigby, mwandishi msomi, aliishambulia riwaya hiyo katika Quarterly Review akiiona ina roho ya uasi dhidi ya dini na mpangilio wa jamii, na akasema kwamba kama mwandishi ni mwanamke, basi ni mwanamke aliyekwisha kupoteza haki ya kukaa na wanawake wenzake.

Inafaa kuangalia alichokikasirikia. Rochester, bwana wa nyumba anayofanyia kazi Jane, amemficha mke wake juu ya dari, amejaribu kumwoa Jane, mwalimu wake wa nyumbani, kwa hila kanisani, na amemtaka akae naye hawara baada ya kufichuka. Bado lawama nzito kuliko zote ilimwangukia Jane, kwa kiburi chake, kwa kujiona ana haki. Wasomaji wa kawaida, wale walioimaliza chapa ya kwanza ndani ya miezi michache, walielekea kwingine: walimsamehe Rochester kwa kuwa aliungua, akapofuka, akapoteza mkono. Waliona ameshalipa. Wote wawili, mhakiki na umma, walimpita Bertha Mason, yule mke aliyefichwa, kana kwamba ni fanicha ya dari ile.

Ilichukua karibu miaka 120 kwa msomaji mmoja kumwinua. Jean Rhys alizaliwa Dominica, katika visiwa vya Karibi, na aliudhika na jinsi mwanamke wa Karibi alivyofanywa mnyama anayekoroma gizani. Mwaka 1966 alitoa Wide Sargasso Sea, riwaya inayompa mke huyo jina lake la kuzaliwa, Antoinette, utoto wake, na sababu zake. Wanataaluma huiita riwaya ya ujibizaji. Mimi naihesabu kuwa ndiyo maoni makali kuliko yote yaliyowahi kutolewa na msomaji wa riwaya ya mapenzi na taharuki, na tangu itoke hakuna anayeweza kumsamehe Rochester kwa wepesi ule wa zamani.

Turudi nyuma, kwenye miaka ya 1860, kwa maana hapo ndipo sauti ya wasomaji ilipopata nguvu ya kusahihisha kitabu kwa kalamu. Novemba 1859 jarida la wiki la Charles Dickens, All the Year Round, lilianza kuchapisha The Woman in White ya Wilkie Collins. Kila wiki sehemu moja, hadi Agosti 1860. Atakayejua namna gazeti linavyosubiriwa kwa ajili ya hadithi tu ataielewa hali ya London wakati ule. Yalitoka manukato, kofia na majoho kwa jina la riwaya hiyo, na muziki wa kucheza pia. Gladstone, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliacha kwenda kwenye tamthilia jioni moja ili aendelee kusoma.

Wasomaji walimpenda nani? Mwandishi alimweka Laura Fairlie, mrembo, mpole, mwenye urithi, awe ndiye wa kupendwa. Umma ukamchagua dada yake wa upande wa mama, Marian Halcombe, ambaye Collins amemweleza kuwa na sura isiyovutia na kivuli cha sharubu juu ya mdomo. Marian ana akili, anapanda juu ya paa usiku wa mvua kusikiliza njama za mlaghai Count Fosco, anaandika kila kitu kwenye daftari. Collins alipokea barua za makapera wakitaka kujua ni mwanamke gani halisi aliyemchora, ili wakamwoe. Ukiniuliza, barua zile zina thamani kuliko nusu ya uhakiki uliochapishwa mwaka ule. Zinaonyesha kwamba wasomaji walikuwa wamekwisha kuuona mgawanyo wa kazi ndani ya riwaya hizi, yule anayependwa na yule anayechunguza, na wakauliza kwa nini wasiwe mtu mmoja. Waandishi wa baadaye walifuata agizo hilo. Shujaa wa kike wa leo ni Marian aliyepewa mapenzi ya Laura.

Kisha kuna suala la tarehe. Riwaya nzima imejengwa juu ya siku: Laura alisafiri lini kwenda London, na mwanamke mwingine aliyezikwa kwa jina lake alikufa lini. Siku zikipishana, ulaghai unathibitika. Oktoba 1860 mhakiki wa gazeti la The Times alikaa akahesabu siku hizo moja baada ya nyingine na akagundua kwamba hesabu ya mwandishi haiwezekani, imekosewa kwa kama wiki mbili, na kwa hiyo fumbo lote halisimami. Collins hakubisha. Alimwandikia mchapishaji kwamba mhakiki ana haki na tarehe zirekebishwe kwenye toleo linalofuata, zikarekebishwa. Riwaya tunayoisoma leo imepita chini ya kidole cha msomaji aliyekuwa na kalenda.

Mwaka 1862 Mary Elizabeth Braddon aligeuza meza. Katika Lady Audley's Secret mtu wa kuogopwa ni mke mwenyewe, mwenye nywele za dhahabu na sauti ya upole, aliyemsukuma mume wake wa kwanza kisimani. Kitabu kilipata matoleo manane mwaka huohuo, na mchapishaji Tinsley akajenga nyumba aliyoiita Audley Lodge. Aprili 1863 Henry Mansel, mwanafalsafa wa Oxford na kasisi, aliandika makala ndefu katika Quarterly Review akizishambulia riwaya za aina hii kwa jumla: zinasisimua mishipa, zinatengenezwa kwa soko kama bidhaa za dukani, zinaulisha ugonjwa ambao zenyewe zimeuleta. Alichokiogopa zaidi ni kwamba hadithi hizi zinatokea sasa, katika nyumba kama za wasomaji, na zinamfanya mtu amtazame jirani yake, au mkewe, kwa jicho jingine. Hapo alikuwa sahihi kabisa, ingawa aliona dhambi mahali ambapo mimi naona manufaa. Wanawake walioolewa Uingereza hawakuwa na haki ya kumiliki mali yao wenyewe kikamilifu hadi sheria ya 1882. Mwanamke aliyesoma jinsi mume anavyoweza kumnyang'anya mkewe jina, fedha na akili timamu kwa cheti cha daktari hakuwa anaugua mishipa. Alikuwa anasoma habari za nchi yake.

Nyuma ya wote hao alikuwapo msomaji mmoja mwenye mamlaka kuliko wengine, Charles Edward Mudie, mwenye maktaba ya kukodisha. Riwaya ya majuzuu matatu iliuzwa shilingi 31 na nusu, bei isiyogusika kwa familia nyingi. Kwa Mudie ulilipa gini moja kwa mwaka ukawa unachukua juzuu baada ya juzuu. Aliyekataliwa na Mudie alikuwa amekufa kibiashara, na Mudie aliukagua upande wa maadili kabla ya kununua. Nalitaja hili kwa sababu tunapozungumzia maoni ya wasomaji tunasahau kwamba mara nyingi kuna mtu mlangoni anayeamua ni maoni ya nani yatapata kitabu cha kuyatolea.

Miongo iliyofuata naipita haraka. Upelelezi ulijitenga ukawa aina yake, mapenzi yakajitenga yakawa aina yake, na ule mchanganyiko wa zamani ukaonekana umepitwa. Ukafufuliwa na Daphne du Maurier, aliyeanza kuiandika Rebecca mwaka 1937 huko Alexandria, Misri, alikokuwa amefuatana na mumewe mwanajeshi, akilichukia joto na kuitamani Cornwall. Mchapishaji Victor Gollancz alichapa nakala 20,000 Agosti 1938. Ndani ya mwezi mmoja zilikuwa zimeuzwa zaidi ya mara mbili ya hizo. Wauza vitabu wa Marekani waliipigia kura kuwa riwaya waliyoipenda kuliko zote mwaka huo. Ilisifiwa kama hadithi ya mapenzi, na hilo lilimsumbua mwandishi maisha yake yote, kwa kuwa yeye aliona ameandika kitabu kuhusu wivu.

Ni wajibu kusimama hapa. Maxim de Winter alimpiga risasi mke wake wa kwanza, Rebecca, akaiweka maiti kwenye mashua na kuizamisha. Anamsimulia mke wa pili, msichana asiyepewa jina katika kitabu kizima, na kile msichana anachokisikia katika ungamo hilo ni kwamba Maxim hakumpenda Rebecca. Furaha yake ni kubwa kuliko hofu yake. Wasomaji wa 1938 walifurahi pamoja naye, kwa wingi. Waliokataa ni watu wa sinema: kanuni za maadili za Hollywood hazikuruhusu muuaji wa mkewe aende zake bila adhabu, kwa hiyo katika filamu ya Hitchcock ya 1940 Rebecca anaanguka na kujigonga kichwa, ajali tu. Wachunguzi wa filamu walikuwa na macho makavu kuliko umma. Leo msomaji anayekifungua kitabu hicho mara ya kwanza aghalabu hushtukia pale ambapo bibi yake alipumua kwa raha. Humwona msichana asiye na jina akiwa amefungwa maisha na mtu anayejua kuua, na humsikiliza Rebecca, ambaye hazungumzi hata mara moja, kwa mashaka mapya juu ya wale wanaomsema. Hakuna neno lililobadilishwa katika kitabu. Sheria za ndoa zimebadilika, polisi wamebadilika, na habari za wanawake wanaouawa majumbani mwao sasa zinaandikwa waziwazi kuwa ni mauaji.

Baada ya vita mchanganyiko huu ukawa biashara kubwa. Mary Stewart alianza mwaka 1955, na katika Nine Coaches Waiting ya 1958 alimweka mwalimu wa nyumbani katika kasri la milima ya Ufaransa akimshuku mwanamume aliyempenda kuhusika na njama ya kumuua mtoto. Eleanor Hibbert alijiita Victoria Holt akatoa Mistress of Mellyn mwaka 1960, na wasomaji wengi wakaapa kwamba ni du Maurier anajificha. Marekani ikajaa vitabu vya bei poa vyenye jalada lilelile: mwanamke anakimbia usiku, nyuma yake jumba, na dirisha moja tu lina taa. Mwaka 1973 mwandishi Joanna Russ alichapisha insha yake maarufu juu ya vitabu hivyo, iliyobeba jina linalosema kuna mtu anataka kuniua na nadhani ni mume wangu. Alivisoma kwa makini na akaona kwamba hofu iliyomo ni kazi ya kila siku ya mke wa nyumbani, ya kutazama uso wa mwanamume akiingia na kukisia ana hasira au amechoka, iliyopandishwa hadi ikawa suala la kufa na kupona.

Kipindi hichohicho Kiswahili kilikuwa na wimbi lake, lililofuata njia nyingine. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitoka 1960, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ikafuata 1965, kisha Kufa na Kupona ya Elvis Musiba mwaka 1974 ikamleta Willy Gamba, na baadaye Ben Mtobwa akawakusanyia wasomaji wengi Dar es Salaam ya usiku. Katika riwaya hizi za upelelezi na ujasusi mapenzi yamo, lakini swali limegeuzwa: mwanamume ndiye anayejiuliza kama mwanamke mrembo aliye mbele yake ametumwa na adui. Wahakiki wa vyuoni waliziita fasihi pendwa, na aghalabu walilitamka neno hilo kwa kushusha midomo. Wasomaji waliziazimana mpaka majalada yakabanduka, nakala moja ikapita bweni zima. Naamini hasara yetu ilikuwa hapo: maoni yao yalibaki mdomoni, vibarazani na kwenye mabasi, hayakuandikwa na mtu. Msichana wa sekondari aliyemsoma Willy Gamba na kujiuliza yule mwanamke aliyeuawa ukurasa wa katikati alikuwa na mama yake wapi, huyo hatuna kumbukumbu yake. Aliyetaka hofu isimuliwe kutoka upande wa mwanamke aliiendea kwenye meza za vitabu vya mitumba Nairobi na Dar es Salaam, akasoma kwa Kiingereza.

Huko Marekani kuna mtu aliyekwenda kuyaandika maoni ya wasomaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Janice Radway alifika katika mji aliouficha kwa jina la Smithton, kwenye duka la vitabu ambako mhudumu mmoja, aliyempa jina la Dot, alikuwa ameaminiwa na wateja kuliko gazeti lolote. Dot alisoma kila kitu kilichoingia, akawaambia wateja kipi kinafaa na kipi wakiache, na akawa anatoa jarida dogo la tathmini zake. Radway aliwapa hojaji wanawake 42 wa kundi hilo, akakaa nao, akawauliza, na mwaka 1984 akachapisha Reading the Romance.

Matokeo yake yanapaswa kusomwa na kila anayewadharau wasomaji wa aina hii. Wanawake wale walikuwa na vigezo vikali. Walichukia ubakaji katika hadithi na mwisho wa huzuni kuliko kitu kingine chochote. Kwa shujaa wa kiume walitanguliza akili, upole na ucheshi mbele ya misuli. Baadhi yao, kabla ya kutoa pesa, walifungua kurasa za mwisho wakasoma, jambo ambalo mwalimu wa fasihi angeliita uharibifu wa taharuki. Wao walijua wanachokifanya. Walikuwa wako tayari kuogopa kwa kurasa 300, mradi wajue kwamba mtu wanayepewa wamwamini hatawageuka. Na saa zile za kusoma walizieleza kuwa ni zao peke yao, mbali na mume, watoto na jiko. Radway aliwaheshimu na bado akawauliza swali gumu: kitabu kinachoeleza baadaye kwamba ukali wote wa mwanamume ulikuwa mapenzi yaliyofichika, je, hakimfundishi msomaji kuusoma ukali wa nyumbani kwake namna hiyohiyo? Nadhani swali hilo ni la haki, na nadhani wanawake wa Smithton walikuwa wamekwisha kulijibu kwa sehemu, kwa kuvirudisha rafuni vitabu ambavyo mwanamume alizidisha. Mwaka uleule wa 1984 kampuni ya Harlequin ilianzisha mfululizo wa Intrigue, mapenzi na hatari kwa mkataba wa wazi: mwisho utakuwa mwema.

Mkataba huo ulivunjwa Desemba 2018 na mwandishi wa Texas aliyekuwa na sifa ya hadithi za mapenzi tu. Colleen Hoover alijichapishia Verity mwenyewe, kwa kuwa haikufanana na vitabu vyake vingine. Wasomaji waliipigia mbiu, hasa kwa video fupi za TikTok wakati wa janga la korona, na mwaka 2021 ikatolewa upya na mchapishaji mkubwa. Lowen Ashleigh, mwandishi asiye na kitu, anaajiriwa kumalizia vitabu vya Verity Crawford, mwandishi mashuhuri ambaye baada ya ajali amelala kitandani haongei. Ndani ya nyumba hiyo Lowen anakuta mswada wa tawasifu ambamo Verity anakiri maovu makubwa dhidi ya watoto wake mwenyewe. Anausoma sura baada ya sura huku akimpenda Jeremy, mume wa Verity. Anampa Jeremy mswada, na kwa pamoja wanamuua yule mwanamke na kuyafanya mauti yaonekane ajali. Miezi baadaye, chini ya mbao za sakafu, Lowen anaikuta barua ya Verity: mswada ulikuwa zoezi la kuandika kwa sauti ya mtu mwovu, hakuna hata neno la kweli, na Jeremy alikwisha kuusoma zamani na kujaribu kumuua kwa gari. Lowen, akiwa mjamzito, anaiharibu barua hiyo na kunyamaza.

Tangu hapo wasomaji wamegawanyika kambi mbili, wanaouamini mswada na wanaoiamini barua, na wanabishana kwa ushahidi kama yule mhakiki wa 1860 na kalenda yake. Wa mswada husema: mama asiye na hatia angewezaje kujifanya mgonjwa miezi yote ile, na ni zoezi gani la uandishi linalotumia majina ya watoto wako waliokufa? Wa barua hujibu: mwenye hofu ya kuuawa na mumewe atafanya lolote, na waandishi huandika yasiyosemeka kila siku. Wengine hulalamika kwamba wamepunjwa kwa kunyimwa jibu, lalamiko la Critical Review likiwa limegeuzwa juu chini, kwa maana Radcliffe alilaumiwa kwa kufunua pazia. Toleo la baadaye la Verity liliongezewa sura, na ubishi haukupungua.

Mimi niko na wa barua, na sababu yangu ni Jeremy. Ubishi mkubwa umekuwa juu ya wanawake wawili na maandishi yao: yupi mwongo, yupi mgonjwa wa akili, yupi mama mbaya. Jeremy hakuandika chochote, kwa hiyo hachunguzwi. Lakini mikono yake ndiyo iliyokuwa shingoni mwa mkewe, kila mtu amezisoma kurasa hizo, na hakuna barua wala mswada unaohitajika kulithibitisha hilo. Wapo wasomaji, na idadi yao inaongezeka kadiri kitabu kinavyosomwa mara ya pili, wanaoanza kuuliza alijua nini na lini, kwa nini alimkaribisha nyumbani mwandishi asiye na pa kwenda, na mtoto atakayezaliwa atalelewa na nani. Hao wameliacha swali la nani alisema kweli wakarudi kwa lile la Emily, la usiku ule katika chumba chenye komeo upande wa nje, na wanalielekeza kwa mwanamume aliyebaki hai.